Sare

Goti la Hizza lilianza kama ugomvi mdogo.
Tukalisingizia baiskeli,
pedeli yake ya kushoto isiyo na mpira,
na kona ya Barabara ya Kumi na Nne
alikoanguka Mfungo Mosi na kapu zima la boflo.
Bibi akakanda kwa maji ya chumvi.
Bibi akakanda kwa mafuta ya nyonyo.
Uvimbe ukala vyote, ukaomba tena.

Bombo, Daktari Zawena aliiegemeza picha dirishani,
jua la Tanga likapenya mifupa ya mdogo wangu.
Siku zote nilidhani mfupa ni jiwe.
Kumbe ni mtaa. Wamo wajenzi, wamo wabomoaji,
wanapokezana usiku na mchana,
na mtu amewapa wabomoaji kazi ya ziada.

Kipande kikakatwa, kikapanda basi kwenda Dar
ndani ya chupa yenye jina lake.
Siku kumi na tisa.
Bibi alizihesabu kwa punje za mtama.

Siku ya majibu Baba alitoka lindo moja kwa moja,
amevaa sare, nyuzi za mkonge mabegani.
Miaka ishirini na sita ya kulinda ghala.
Akauliza swali la mlinzi:
"Daktari, mwilini si kuna askari?
Walikuwa wapi?"

Walikuwepo.
Wapo hata sasa, humohumo uvimbeni, tele.
Ila seli za saratani zimejivika protini,
kitu mfano wa kitambulisho;
askari akifika, akikigusa tu, mkono unalegea,
anaona: huyu wa kwetu.
Na wale wengine, wazoa taka wa mwili,
hupelekewa protini nyingine, ndogo kama vikaratasi.
Wakishasoma hawamli tena adui.
Wanamvutia mishipa ya damu.
Wanamshikia taa.

Baba akanyamaza,
na mimi nikajua yuko wapi.
Yuko geti namba mbili, mwaka ule wa mafuriko,
saa nane usiku, lori linapiga honi,
dereva ana kofia ya kampuni,
karatasi ina mhuri wa kampuni.
Alifungua. Akawaonyesha hata pa kugeuzia.
Robota arobaini za mkonge.
Walimkata mshahara miezi kumi na minne.
Nyumbani tulikula dagaa, hatukuulizana.

"Hao askari," akasema,
"wamehongwa au wamedanganywa?"

Nje foleni ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi.
Daktari akavuta kiti, akakaa.
"Wamedanganywa, mzee."

Baba akavua kofia, akaiweka juu ya goti lake mwenyewe.

Iko dawa, akaeleza, inayokifunika kile kitambulisho
ili askari azinduke.
Saratani nyingine inaziweza.
Hii ya mfupa bado wanaijaribia,
mara chache inakubali, mara nyingi inakataa,
sitaki niwaahidi.
Tuanze na dripu, kisha upasuaji,
na mguu, tutaona.

Hizza, aliyekuwa kimya kama si lake hilo goti,
akauliza kama mguu mmoja
unaweza kuzungusha pedeli mbili.
Hakuna aliyemjibu. Nesi mmoja akacheka, kisha akajizuia.

Usiku ule Baba aliisimamisha gari ya meneja getini.
Akamtaka jina. Akamtaka ateremke.
"Semkiwa, si unanijua mimi?"
"Naijua sare," akasema, "shuka."
Tuliyasikia asubuhi kwa watu, yeye hakutuambia.

Aliingia alfajiri, hakuvua hata buti.
Akainua chandarua, akawasha tochi,
akaielekeza gotini, si usoni,
akasimama vile wanavyosimama lindoni,
miguu imeachana, rungu kwapani.

"Baba, zima," Hizza akasema.

"Lala," akasema Baba.
Hakuizima.